Kabla ya kuuza printa, pima karatasi

MWENYE duka la nafaka akigundua kuwa gunia lake lina tundu, hatalala mpaka alishone. Lakini mwenye duka la kuchapa, ambaye printa yake inatafuna karatasi kumi au ishirini kila siku, hutazama kapu la taka likijaa, akaguna, akasema mashine imezeeka, kisha akaanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Hilo nalo ni gunia lenye tundu. Kwa kuwa kinachomwagika ni karatasi nyeupe, hakuna anayeona hasara.

Safu hii kwa kawaida huzungumzia bei za mazao, mwenendo wa hisa na riba za mabenki. Leo tunaomba radhi kwa kushuka hadi kwenye trei ya karatasi. Tunashuka huko kwa sababu maduka ya steshenari, ofisi za mawakala wa forodha, shule binafsi, zahanati na vyama vya akiba na mikopo vyote vinaitegemea mashine hii. Aidha, wengi wanaoweka mitaji yao midogo katika biashara hizo wanapoteza fedha mahali ambapo hawajawahi kuchungulia.

Maoni yetu ni haya: printa nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa kwa kosa la kukwamisha karatasi hazikustahili kuuzwa. Kosa liko kwenye karatasi yenyewe, au kwenye kipande cha mpira ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya printa mpya.

Yaliyotukuta

Sisemi haya kwa kusikia. Mwaka 2015 mimi na mdogo wangu tulikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa nakala jijini Dar es Salaam. Printa yetu ya leza ndiyo ilikuwa ng'ombe wetu wa maziwa. Masika ya mwaka uliofuata tulipata kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio ya shule moja ya sekondari: wanafunzi 180, masomo saba, kila mtihani karatasi nne. Piga hesabu, ndugu msomaji, utaona kuwa ni karatasi 5,040, yaani rimu kumi na ushee.

Tulinunua rimu kumi na moja kwa mkupuo ili tupate bei ya jumla. Tukazipanga nyuma ya duka, kwenye sakafu ya saruji, zikiegemea ukuta unaotenganisha duka na bafu. Mdogo wangu, kwa nia njema ya kuharakisha kazi, akachana makasha ya rimu zote siku hiyo hiyo. Mwalimu naye akachelewa kuleta mitihani kwa siku mbili. Kwa siku hizo mbili mvua ilinyesha na karatasi zilikaa wazi.

Tulipoanza kuchapa, hadi saa tatu usiku printa ilikuwa inakwama kila baada ya karatasi sita au saba. Tulivuta, tukachana, tukapuliza, tukaipiga mashine makofi. Alfajiri tulikuwa hatujafika hata nusu. Mtihani wa kwanza ulipaswa kuanza saa mbili asubuhi. Sisi tuliufikisha shuleni saa nne na nusu. Mkuu wa shule hakutukemea. Alipokea kazi, akatulipa, akatushukuru, na hakurudi tena. Mfanyabiashara yeyote anajua kuwa mteja wa namna hiyo huuma kuliko yule anayegomba.

Wiki hiyo hiyo tuliiuza printa kwa fundi, kwa bei aliyoitaja yeye. Tukachukua akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kununulia hisa, tukanunua printa mpya iliyong'aa. Mwaka uliofuata, masika yalipoanza, printa mpya nayo ikaanza kutafuna karatasi.

Fundi wa safari hii alikuwa kijana mdogo. Alipofika hakufungua hata begi lake la bisibisi. Aliuliza, "Kaka, karatasi mnaziweka wapi?" Tukampeleka nyuma. Akachukua karatasi kama mia, akazishika kwa ncha moja, akatuonyesha zilivyokuwa na mawimbi kama bati. Akavuka barabara, akanunua rimu moja kwenye duka la jirani, akaifungua pale pale na kuipakia. Printa ilichapa karatasi 200 bila kukohoa. Alitutoza nauli yake, fedha ya usumbufu na bei ya rimu.

"Mngenunua shelfu," alituambia, "msingenunua printa."

Baadaye tulipata habari za ile printa ya kwanza. Fundi aliyeinunua aliibadilishia rola moja ya mpira, akaiuza kwa ofisi moja ya Temeke, na ikaendelea na kazi. Hisa tulizokusudia kununua hatukuzinunua.

Kidole cha karani

Mtu asiyejua mashine yake inavyofanya kazi hana budi kukubali kila anachoambiwa. Kwa bahati nzuri, jambo lenyewe si gumu, na mfanyabiashara analiona kila siku kwenye dirisha la benki.

Mtazame karani anayehesabu noti kwa mkono. Kidole kikavu huteleza. Akikilowesha kwenye sponji kinashika noti moja na kuivuta, na ile ya chini inabaki. Noti mpya zikishikana hutoka mbili mbili, na hesabu inaharibika. Printa nayo ni karani wa namna hiyo. Ina rola ya mpira inayozunguka juu ya rundo la karatasi na kuivuta ile ya juu. Katika printa nyingi ndogo, mkabala na rola hiyo kuna pedi ndogo ambayo kazi yake ni kuizuia karatasi ya pili isifuate ya kwanza.

Siri yote iko kwenye msuguano. Rola lazima iishike karatasi kwa nguvu kuliko pedi inavyoishika. Pedi nayo lazima iishike karatasi kwa nguvu kuliko karatasi zinavyoshikana zenyewe. Mpangilio huo ukivurugika, matatizo yanaanza. Rola ikichakaa na kung'aa kama tairi kipara, karatasi haitoki, na printa inadai haina karatasi ilhali trei imejaa. Pedi ikiisha, karatasi zinatoka mbili au tatu kwa pamoja. Karatasi zikipata unyevu zinashikana zenyewe, na hapo hata rola na pedi nzima zinashindwa.

Jambo la pili ni saa. Ndani ya printa kuna vitambuzi vilivyowekwa njiani, mara nyingi vikiwa na vijiti vidogo vya plastiki vinavyosukumwa na karatasi inapopita. Mashine inajua karatasi inapaswa kufika kila kituo baada ya muda gani, kama msimamizi wa stendi anavyojua saa ya basi. Karatasi ikichelewa kwa sababu rola iliteleza, mashine inasimama na kutangaza kuwa karatasi imekwama. Ndiyo maana wakati mwingine unafungua mlango na kuikuta karatasi imelala vizuri tu, haijajikunja wala kuchanika. Haikukwama, ilichelewa.

Jambo la tatu ni joto. Printa ya leza huyeyusha wino wake wa unga kwa rola za moto, zenye joto la takriban nyuzi 200 za Sentigredi. Karatasi yenye unyevu ikifika hapo, maji yaliyomo hugeuka mvuke kwa ghafla. Karatasi hujikunja, na ncha iliyojikunja hukosa mlango wa kutokea.

Asidhani mtu kuwa hii ni aibu ya mashine za mtumba peke yake. Mwaka 1959 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa mashine ya kutoa nakala iliyoitwa 914, iliyoleta mapinduzi katika ofisi kwa kutumia karatasi za kawaida. Karatasi zilizokwama ndani yake ziliweza kuungua, hata mashine hiyo ikawa inaambatana na kizima moto kidogo. Pamoja na hayo, 914 iliitajirisha kampuni yake. Karatasi hukwama tangu mashine hizi zilipoanza. Kinachotofautisha faida na hasara ni jinsi mwenye mashine anavyolishughulikia jambo hilo.

Rimu kwenye mizani

Sasa tuje sokoni. Mfanyabiashara anayenunua korosho bila mizani tutamcheka, lakini mfanyabiashara huyo huyo hununua rimu kwa kuangalia rangi ya kasha. Karatasi ina mizani yake, na hesabu yake haihitaji chuo.

Kasha likisema gramu 80, maana yake ni kuwa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ikigawanywa katikati mara nne inatoa karatasi 16 za A4. Kwa hiyo karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 lazima iwe na kilo mbili na nusu, ukiacha uzito mdogo wa kasha. Rimu ya gramu 75 itakuwa na kilo 2.34 hivi. Rimu ya gramu 70 itakuwa na kilo 2.19 hivi.

Chukua rimu yako, ipeleke kwenye mizani ya duka la jirani. Ikiwa imeandikwa gramu 80 na mizani ikasoma kilo 2.25, mambo ni mawili: ama karatasi ni nyepesi kuliko ilivyoandikwa, ama idadi si 500 bali ni 450. Hesabu ujue ni lipi. Ikiwa mizani imezidi kilo mbili na nusu kwa kiasi cha kuonekana, usifurahi kuwa umepata nyongeza. Huenda umeuziwa maji. Nyuzi za mti ambazo karatasi imetengenezwa kwazo hunywa unyevu wa hewa, na kila asilimia moja ya maji inayoongezeka ni takriban gramu 25 kwa rimu.

Hatusemi kuwa karatasi ya gramu 70 ni haramu. Printa nyingi ndogo za ofisini hukubali karatasi kuanzia gramu 60, na kitabu kinachokuja na mashine kitakueleza kiwango chake. Ila karatasi nyepesi hujikunja upesi zaidi na hutoka mbili mbili kwa urahisi zaidi, hasa pale rola na pedi zinapoanza kuchoka. Kadhalika, karatasi iliyokatwa vibaya huacha vumbi jingi, na vumbi hilo ndilo linaloipaka rola mpaka inakuwa laini na kuteleza. Anayetaka gramu 70 alipe bei ya gramu 70, akijua anachonunua. Kulipia 80 na kupewa 70 ni kuibiwa mara mbili: mara ya kwanza dukani, mara ya pili kwenye trei.

Wauzaji wa jumla nao tunawaomba wasikilize. Rimu iliyolazwa kwenye sakafu ya ghala, au iliyonyeshewa juu ya gari, ni mali iliyoharibika hata kama kasha ni zima. Chaga za mbao si gharama kubwa. Mnunuzi aliyekwamishwa na karatasi zako leo, kesho atanunua kwa jirani yako.

Kwa mwenye duka, kanuni ya kuhifadhi ni fupi. Rimu zikae juu ya shelfu au chaga, mbali na ukuta wenye unyevu. Zisifunguliwe mpaka saa ya kupakia, kwa kuwa kasha la rimu hutengenezwa ili lizuie unyevu. Duka likifungwa mwishoni mwa wiki wakati wa masika, karatasi zilizobaki kwenye trei zirudishwe ndani ya kasha au mfuko wa plastiki. Na rimu ikitoka stoo ya joto kwenda chumba chenye kiyoyozi, ikae humo siku nzima ikiwa imefungwa, ndipo ifunguliwe.

Iliposimama ndipo penye ugonjwa

Karatasi ikikwama, kosa la kwanza la wengi ni kuinyofoa kwa hasira. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, na kama ni ya leza isubiri ipoe, maana rola za moto huunguza vidole. Kisha, kabla ya kugusa chochote, tazama ncha ya mbele ya karatasi imefika wapi. Mahali iliposimama patakueleza ugonjwa kuliko taa zote za mashine.

Ikiwa haijatoka kabisa kwenye trei, au imetoka kidogo tu, mtuhumiwa ni rola ya kuvuta, au trei iliyojazwa kupita alama yake, au vizuizi vya pembeni vilivyobana mno. Vizuizi hivyo viiguse karatasi bila kuikandamiza. Vikilegea, karatasi huingia upande. Vikibana, huinama katikati.

Ikiwa zimeingia mbili au zaidi kwa pamoja, mtuhumiwa ni pedi, au unyevu, au karatasi ambazo hazikupepewa kabla ya kupakiwa. Zipepee kama unavyopepea burungutu la noti, uzisawazishe, ndipo uzipakie. Usiongeze karatasi chache chache juu ya zilizobaki. Zitoe zote, uzisawazishe pamoja.

Ikiwa imesimama katikati ya njia, tafuta kitu kigeni. Kipande kilichochanika juzi, pini ya stepla, au kibandiko kilichobanduka vinatosha. Hapa ndipo wanaotumia upande wa pili wa karatasi zilizokwisha kuchapwa wanapojitia hasarani. Karatasi hizo zimeshapita kwenye moto, zimejikunja, na mara nyingine zina pini. Kubana matumizi ni kuzuri, lakini karatasi hizo zitumieni kuandikia kwa kalamu.

Ikiwa imefika kwenye rola za moto na kukunjika kama feni, shuku unyevu kwanza, kisha hali ya rola hizo. Na ikiwa hakuna karatasi yoyote ndani lakini mashine inang'ang'ania kuwa imekwama, chukua tochi utafute kijiti cha kitambuzi kilichoshikwa na kipande kidogo cha karatasi.

Kuitoa, ivute kwa mikono miwili, polepole, kwa mwelekeo ule ule karatasi inaopita kila inapowezekana. Usitumie kisu wala bisibisi. Ikichanika, viunganishe vipande mezani uhakikishe karatasi imetimia. Kipande kilichobaki ndani ndicho kitakachokukwamisha usiku wa kazi kubwa.

Bado hujui kama mgonjwa ni karatasi au ni mashine? Fanya mtihani wa karatasi kumi. Nunua rimu moja nzuri, ifungue hapo hapo, pakia karatasi kumi tu. Zikipita bila tatizo ambapo zile za zamani zinakwama, mgonjwa ni karatasi zako. Zikikwama nazo, zipitishe kwenye mlango wa kulisha kwa mkono, kama printa yako ina mlango huo wenye rola yake peke yake. Zikipita huko, tatizo ni rola na pedi za trei. Zikikwama kotekote na mahali pale pale, tatizo liko mbele zaidi, na sasa una haki ya kumwita fundi ukiwa na la kumwambia.

Rola iliyochafuka isafishwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kwa maji kidogo, kisha iachwe ikauke. Usitumie petroli, tina wala mafuta ya aina yoyote, huharibu mpira. Wapo mafundi wanaoikwangua rola kwa msasa. Itashika kwa siku chache, sawa na tairi kipara lililochongwa mistari upya. Anayekufanyia hivyo akwambie wazi kuwa amekupa nafasi ya kutafuta spea, hajatengeneza.

Hasara isiyoandikwa

Tuchukue mfano, na kila mtu aweke bei zake mwenyewe. Tuseme karatasi moja iliyochapwa inakugharimu shilingi 60 pamoja na wino, na unaiuza shilingi 100. Katika karatasi 100 unapata faida ya shilingi 4,000. Sasa tuseme karatasi tano katika hizo zinaharibika. Umetumia shilingi 6,000 vile vile, lakini umeuza 95 na kupata shilingi 9,500. Faida imekuwa shilingi 3,500. Asilimia 5 ya karatasi imekula asilimia 12.5 ya faida yako. Na hapo hujahesabu umeme, muda wa kijana anayefungua na kufunga milango ya mashine, wala mteja aliyekwenda kwa jirani.

Mwekezaji mdogo akiona hisa zake zimeshuka asilimia 12.5, atampigia dalali wake simu kabla ya chai. Kwa printa yake anasema mashine ndivyo zilivyo.

Wapo watakaotuambia kuwa biashara ya karatasi inakwisha, hivyo hakuna haja ya kuhangaika. Ni kweli kwamba mambo yanabadilika. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilianza kutumia mfumo wa NeST kwa ununuzi wa umma, na zabuni zilizokuwa zikichapwa kwa mafungu sasa hupita kwenye kompyuta. Hata hivyo mikataba, hati za kupokelea mizigo na mitihani ya shule bado vinachapwa. Isitoshe, hoja hiyo inatuunga mkono sisi. Kazi zikipungua, kila karatasi inayoharibika inauma zaidi, na kununua printa mpya isiyohitajika ni kuzika mtaji mahali ambapo hautachipua.

Wakati wa kuuza

Hatusemi kuwa printa haiuzwi. Rola na pedi ni vitu vya kuchakaa, kama matairi na breki za daladala, na hakuna anayeuza daladala kwa sababu ya tairi. Lakini daladala ambayo injini imekufa na spea zake hazipatikani, hiyo iuzwe. Kwa maoni yetu, uza printa pale ambapo umeshajiridhisha kuwa karatasi ni nzuri, rola na pedi ni mpya, na bado fundi anataka fedha zinazozidi nusu ya bei ya mashine nyingine iliyo nzima. Ukiuza kabla ya hapo, unampa fundi zawadi.

Na anayenunua ya mtumba asiridhike na ukurasa mmoja wa majaribio. Printa nyingi za leza zinaweza kuchapa ukurasa wa hali ya mashine unaoonyesha jumla ya kurasa zilizokwisha kuchapwa. Hiyo ndiyo kilomita ya gari. Aje na rimu yake mwenyewe, apitishe karatasi 50 mfululizo, aombe kuiona rola kwa macho, na kabla ya kulipa aulize dukani kama rola hiyo inauzwa mjini. Vivyo hivyo kwa anayealikwa kuweka fedha kwenye biashara ya kuchapa: kabla ya kuonyeshwa vitabu vya hesabu, achungulie kapu la taka na mahali karatasi zinapolala.

Rai yetu kwa wenye maduka ni ya gharama ndogo. Wekeni daftari moja kando ya printa. Kila karatasi ikikwama, iandikwe tarehe, aina ya rimu, na mahali iliposimama. Baada ya mwezi mmoja daftari litawaambia kama mnahitaji shelfu, rola, muuzaji mwingine wa karatasi, au kweli printa mpya. Sisi hatukuwa na daftari hilo mwaka 2016, na tumeshaeleza tulicholipa.

Wiki ijayo tutarudi kwenye bei za mazao.